Lango la Maji la Watawa

Wapendwa, kabla hatujafungua Neno, nipeni masikio yenu kwa habari ya mzee mmoja wa kanisa, mtu wa milimani kama sisi, aliyesafiri mbali kutazama ukuta mkongwe, na ukuta ule ukamsemesha. Jina la ukoo wake siwapi, maana kila mmoja angegeuka kumtazama jirani yake.

Mzee huyu alikuwa mwenyekiti wa kamati ya ujenzi ya usharika wake. Katikati ya kiwanja cha kanisa ulipita mfereji uliochimbwa na mababu kwa mkono, ukitoka msituni na kushuka hadi mashamba ya watu wa chini: Walutheri, Wakatoliki, Waislamu, na wale ambao bado hawajakata shauri. Mfereji ule ulikuwa na sheria yake tangu kabla ya kanisa kujengwa mwaka 1903. Baragumu likilia asubuhi, kila nyumba inayotumia maji hutoa mtu wa kusafisha mfereji. Nyumba isiyotoa mtu, zamu yake ya maji hupewa wengine.

Sasa usharika ulikuwa umejenga hosteli na kupanda kitalu cha miparachichi. Kamati ikaamua kwamba maji yaingie kwanza katika bwawa la kanisa, bwawa lizungushiwe ukuta, na mahali yanapotokea liwekwe geti la chuma lenye kufuli. Yatakayobaki ndiyo yashuke kwa watu. Fundi wa kuchomelea alikuwa na bamba tayari. Alichongoja ni vipimo na neno la mzee.

Aliyepinga alikuwa mmoja tu, mama mjane aliyeongoza umoja wa wanawake, ambaye shamba lake lilikuwa la mwisho kabisa bondeni. Alikieleza kikao kwamba mwaka wa kwanza wa geti hilo atauza ng'ombe wake, na mwaka wa pili atauza shamba. Mzee akamshukuru kwa mchango wake wa mawazo, kikao kikaendelea.

Ikawa mwezi Mei mwaka 2011, usharika rafiki wa Ujerumani ukawaalika wajumbe, na wote wawili, mzee na mama yule, wakawa miongoni mwao. Mwenyeji wao alikuwa Sista mmoja, muuguzi mstaafu, aliyehudumu katika hospitali zetu kuanzia mwaka 1966 hadi 1983, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko cha baadhi ya wajumbe. Akawaahidi kuwapeleka kuyaona magofu ya monasteri, yaani nyumba ya watawa, iliyojengwa mwaka 1142.

Mzee hakulala vizuri kwa furaha. Tangu alipokuwa shule ya kati, mwaka 1957, alikuwa akizikariri tarehe za historia ya Kanisa kama wenzake walivyokariri majina ya wachezaji mpira. Leo angeligusa kwa kiganja chake jiwe lililowekwa miaka mia nane na zaidi iliyopita! Ndani ya gari aliwahutubia wenzake mwendo wote. Akawaeleza kwamba nyumba ile bila shaka ilivunjika mwaka 1517 au muda mfupi baadaye, kwa nguvu ya Matengenezo ya Kanisa, na kwamba kwa namna fulani ni sisi Walutheri tulioishusha. Sista aliyekuwa mbele akatabasamu.

Wakashukia kijijini, chini ya kilima. Nyumba zilikuwa za mawe, zimeinamiana kama wazee wanaonong'onezana. Wengine wakaanza kupiga picha za paa na maua ya madirishani. Mzee akasimama ghafla mbele ya duka la mikate, akainamisha kichwa. Alikuwa amesikia kitu anachokifahamu tangu utotoni. Pembeni mwa barabara, ndani ya mtaro wa mawe, maji safi yalikuwa yakikimbia kwa haraka, na kila baada ya nyumba kadhaa palikuwa na kibao kidogo cha mbao cha kuyagawa.

Hapo umri ukamtoka. Akaacha kundi, akaufuata mtaro kuelekea juu, kofia mkononi, mama yule akimfuata nyuma kwa shida. Wakapita bustani za kabichi, wakapita birika la kunyweshea farasi, wakaingia penye uwazi katika ukuta uliobomoka, na tazama, magofu yakasimama mbele yao: nguzo ndefu zisizobeba kitu ila anga, na dirisha kubwa la mviringo lisilo na kioo, ambamo kunguru waliingia na kutoka kama washarika waliochelewa ibada. Nyasi zilikuwa zimeota pale palipokuwa na madhabahu.

Unadhani mzee aliitazama madhabahu? Aliipita. Aliufuata mtaro hadi nyuma ya kanisa, akalikuta bwawa la mawe kando ya mtaro, sasa kavu, pana, lenye mdomo wa kuingizia maji na mdomo wa kuyatolea. Wale watawa walikuwa wakiyalaza maji usiku na kuyafungulia asubuhi, vilevile kama kwetu.

"Mama Ndeanasia, njoo uone," akaita huku akihema. "Hawa watu walikuwa Wachaga!"

"Ungewauliza ukoo basi, shemeji, tujue kama tunaoleana nao," mama akajibu, naye akacheka, kwa maana furaha ya mzee ilikuwa ya kuambukiza.

Lakini kilichomfurahisha mzee kupita vyote kilikuwa pale kwenye mdomo wa kutolea maji. Kila upande wa jiwe palikuwa na kulabu nene ya chuma, iliyoliwa na kutu, na katikati palikuwa na tundu la komeo. Lango! Lango la maji, lenye kufuli, katika nyumba ya watu wa sala! Akamgeukia mama na kumwambia kwa upole wa mshindi kwamba sasa amejionea mwenyewe, hata watakatifu walifunga maji yao. Akasimama katikati ya mawe yale, akanyoosha mikono huku na huku ili vipimo vionekane, akamwomba ampige picha kwa simu ili wamtumie fundi. Akatabasamu kama bwana harusi. Mama akapiga picha.

Sista akawafikia, na kundi lote nyuma yake. Mzee akamwuliza lango lile liliwekwa mwaka gani.

"Mwaka 1487," Sista akasema.

"Na nyumba ilianguka mwaka 1517, au nimekosea?"

"Umekosea kwa miaka sita, Baba Aikaeli. Ilianguka mwaka 1511. Matengenezo yalikuta majivu."

Kisha akawaketisha juu ya mawe, akawasimulia. Kwa zaidi ya miaka mia tatu mfereji ule ulikuwa wa watawa na wa wanakijiji pamoja. Kila majira ya kuchipua kengele ya kanisa ililia, na kijiji kizima kilipanda na makoleo kuusafisha, watawa wakiwa ndani ya matope pamoja nao, na mchana wakila mkate mmoja. Akaja abate mpya, mkuu wa nyumba, mtu mwenye mipango mizuri. Alitaka samaki bwawani na bustani ya matunda. Akaweka lango. Kijijini maji yakawa ya kufika kwa bahati, na watu wakajichimbia visima vyenye maji ya chumvichumvi. Waliokuwa na nguvu wakahama. Kengele ya kusafisha ikalia mwaka uliofuata, wakaja wachache. Mwaka mwingine hakuja mtu, na abate hakujali, kwa sababu bwawa lilikuwa limejaa.

Ndipo ukaja usiku wa moto. Ulianzia jikoni, ukashika paa la ghala. Watawa walikuwa wamebaki wachache, wengi wao wazee wa kushika fimbo. Wakaipiga kengele, wakaipiga hadi kamba ikaungua. Wanakijiji wakatoka. Wakasimama kwenye mteremko ule, palipo na bustani za kabichi leo, na ndoo zao miguuni. Hawakushangilia, wala hawakuwatukana watawa. Walisimama tu, wakatazama.

"Na maji?" mzee akauliza, na sauti yake ilikuwa imepungua.

"Maji yalikuwepo," Sista akasema. "Bwawa lilikuwa limejaa hadi ukingoni. Kilichokosekana ni mikono."

Kulipopambazuka, akaendelea, wanakijiji waliwachukua watawa nyumbani kwao, wakawapa uji. Kisha wakapanda, na kitu cha kwanza walichokigusa katika magofu yale hakikuwa fedha wala vinara. Waling'oa lango. Maji yakashuka, na mpaka leo yanashuka mbele ya duka la mikate, kwa sababu kila mwaka wanaosafisha mtaro ni wale wanaoutumia.

Kunguru walipita dirishani. Mama Ndeanasia akamkaribia na simu mkononi, akamwuliza bila kejeli yoyote:

"Picha imetoka vizuri, Baba Aikaeli. Nimtumie fundi?"

Mzee akaitazama ile picha: mtu aliyenyoosha mikono mahali pa lango, akizuia kwa mwili wake mwenyewe njia ya maji.

"Mtumie," akasema. "Mwambie lile bamba alikate makoleo. Na koleo la kwanza ni langu, maana tangu nipewe uenyekiti sijaingia matopeni."

Wapendwa, sisi sheria ya mfereji tumeijua upande mmoja. Tunasema asiyekuja kusafisha hapewi maji, na hiyo ni haki. Je, upande wa pili tumewahi kuusema? Kwamba uliyemnyima maji, siku ya kumwita, hatakuja?

Msitafute lango la chuma. Yule binti tuliyemwondoa kwaya alipopata mtoto, halafu hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda kumwona yule mtoto, hilo ni lango. Yule jirani aliyefiwa mwezi Februari, tukaulizana kwanza ni wa jumuiya gani kabla hatujavaa viatu, hilo ni lango. Nasi tumeketi hapa ndani na bwawa letu: nyimbo nzuri, viti vipya, sala ndefu. Limejaa hadi ukingoni.

Kengele ile pale juu siku moja italia, wala haitakuwa saa ya ibada. Tutatoka mbio, tutatazama mteremkoni, na watu watakuwa wamesimama pale. Niambieni, ndugu zangu, kwa jinsi tulivyoishi nao tangu Januari hadi leo, ndoo zao zitakuwa mikononi au miguuni?