Nani Aitwe Nyumbani?

Kaeni vizuri, wakubwa kwa wadogo, na mwenye jibu la haraka alimeze kwanza, maana hadithi hii imewashinda watu wazima wenye akili zao timamu.

Hapo Tanga, katika nyumba ya kupanga nyuma ya tanuri la mikate, walikuwapo watu watatu waliopewa kazi ya kutengeneza utangulizi wa tamthilia ya watoto. Utangulizi mnaujua: zile picha na ule wimbo unaokuja kabla mchezo haujaanza, mpaka watoto wanaacha kugombana na kukimbilia mbele ya televisheni. Tamthilia yenyewe iliitwa Uchochoro Wetu, nayo ingeonyeshwa kila jioni.

Wa kwanza alikuwa Mwajabu, mchoraji. Mkono wake ulikuwa na baraka. Akichora kuku, unaona kabisa kuwa kuku huyo ametoka kufukuzwa jikoni sasa hivi. Wa pili alikuwa Gilbert Mhando, mpiga gitaa, mtu wa maneno machache, ambaye wimbo wake ukikuingia asubuhi utafua nao, utapika nao na utalala nao. Wa tatu alikuwa Saumu, mhariri, mwenye kazi ya kukata na kuunga picha na sauti. Alijua picha ikae hadi lini na ipishe lini, kama mpishi anavyojua wakati wa kugeuza chapati.

Mwongozaji wao alikuwa Bi Hidaya, mwanamke mwenye sauti ya kufika mtaa wa tatu. Aliwaambia, "Wanangu, mie nataka kitu kimoja tu. Mtoto akiuona huu mwanzo, asikie kama anaitwa kwao."

Kauli hiyo ilimgusa Mwajabu penye kidonda. Kwao alikuwa na mama yake, Bi Mwantumu, aliyekuwa amepatwa na ugonjwa wa kusahau. Alianza kusahau funguo, akaja akasahau majirani, mwisho akamsahau na mwanawe. Zamani, magharibi ikiingia, mama huyo alikuwa akisimama mlangoni na kuita, "Mashavuuu!", kwa kuwa Mwajabu utotoni alikuwa na mashavu ya kufinywa na kila mpita njia. Hakuna mtu mwingine duniani aliyemwita hivyo. Na mpaka sasa mama bado husimama mlangoni magharibi, bado huita. Mwajabu akitoka chumbani na kuitika, "Abee, mama," mama humtazama kwa adabu, kama anavyotazamwa mgeni, na kumwambia, "Si wewe, bibie. Namwita mwanangu."

Basi Mwajabu akachora kile alichokuwa na kiu nacho. Alichora uchochoro wa mtaa wao wa Ngamiani jua likielekea kuzama, watoto wanacheza kombolela, mmoja amejibanza nyuma ya pipa la maji. Mwisho wa uchochoro akachora mlango ulio wazi, na mwanamke wa kanga amesimama, mkono mmoja umeshika mwimo wa mlango. Uso hakuuchora.

"Mbona hana uso?" Bi Hidaya aliuliza.

"Kila mtoto aweke wa mama yake."

Wakawaita watoto wa mtaani, wakawatandikia mikeka, wakawaonyesha. Watoto walitazama kwa heshima zote. Mmoja akasema, "Kalenda nzuri." Mwajabu aliumia, lakini mtoto hana makosa. Picha ilikuwa nzuri, ila haikumwita mtu.

Gilbert akachukua gitaa. Alianza na mlio wa haraka, miguu inayokimbizana vumbini. Kisha akaupunguza taratibu, jinsi mchezo unavyopungua watoto wakianza kuchoka. Na kabla ya mwisho akaziba nyuzi kwa kiganja, kukawa kimya.

"Umesahau?" Saumu alimuuliza.

"Sijasahau. Hapo mama anavuta pumzi."

Ndani ya kimya hicho Bi Hidaya akaweka sauti yake: "Nyie watotooo! Rudini nyumbani, giza linaingiaaa!" Walipousikiliza, wote wanne walisisimka. Wakawaita tena watoto. Wimbo ukakimbia, wimbo ukatulia, kimya kikaja, sauti ikaita. Watoto wakainuka wote kwa pamoja, wakatafuta ndala zao, wakaenda zao nyumbani.

Bi Hidaya aliitazama ile mikeka mitupu. "Haya," akasema. "Tumetengeneza utangulizi wa kufukuza watazamaji."

Saumu alicheka mpaka akakaa chini. Alipomaliza kucheka, akafikiri. "Tumewaita wote, wameondoka wote," alisema. "Tumwite mmoja. Wengine watabaki waone atafanya nini." Akaukata ule mwito, akaweka jina moja. Akampanga upya yule mtoto wa nyuma ya pipa, akawa wa mwisho kutoka, anakimbia peke yake mpaka mlangoni, anaingia, mlango unafungwa taratibu, na juu ya mbao zake yanatokea maneno Uchochoro Wetu. Kwa majaribio alimpa mtoto huyo jina la Kitunguu.

Watoto walipoonyeshwa mara hii, hakuna aliyegusa ndala. Sauti ilipoita Kitunguu waliitika wote, "Abeee!", kila mmoja akidai kuwa Kitunguu ni yeye. Mlango ulipofungwa wakasogea mbele, wanataka kujua ndani kuna nini. Basi hapo kazi ikawa imekamilika.

"Ila Kitunguu aondoke," Bi Hidaya alisema. "Siwezi kuita kitunguu kwa uchungu. Nataka jina la mtu anayekosekana kweli. Na jina hilo alitoe yule aliyeufanya utangulizi huu."

Bi Hidaya alidhani amesema jambo jepesi. Wale watatu wakatazamana.

Gilbert, ambaye siku zote ni wa mwisho kusema, akawa wa kwanza. "Stumai," alisema. "Ni binti yangu. Alifariki akiwa darasa la pili. Nyumbani jina hilo halitajwi. Mke wangu hawezi kulisikia, na mimi hapa ndiyo nalitamka kwa mara ya kwanza. Nataka liitwe tena, na watoto waliitikie."

Saumu alifuta macho. "Pole, kaka Gilbert. Mie nina Mbaruku, mdogo wangu. Wazazi walipofariki nilimlea mwenyewe. Aliniaga anakwenda machimboni, simu ikazimika, mpaka leo. Wachimbaji jioni hukaa migahawani kwenye televisheni. Akisikia anaitwa kwa namna ile tuliyokuwa tukiitwa huku kwetu, atajua nyumbani bado wanamngoja."

Mwajabu naye akasema, "Mashavu," na kuwaeleza ni nani. "Mama huketi mbele ya televisheni kila jioni, halafu huinuka kwenda kuita. Akisikia mama mwenzake anaita Mashavu, akamwona Mashavu anakimbia, anaingia ndani na mlango unafungwa, labda moyo wake utatulia. Labda ataacha kungoja."

"Tubadilishe basi," Gilbert alishauri. "Leo huyu, kesho yule."

"Utangulizi ni mlango wa nyumba," Bi Hidaya alimjibu. "Ukiuhamisha kila siku, mtoto atapotea. Jina ni moja."

Basi kila mmoja akatetea haki yake. "Bila mlango wangu, mtoto angeitwa aende wapi?" alisema Mwajabu.

"Bila kimya changu," alisema Gilbert, "nani angemsikia mwitaji?"

"Na bila mie," alisema Saumu, "mpaka leo mngekuwa mnaita mikeka."

Wote walisema kweli, na jifya moja haliinjiki chungu. Ndipo maneno yakaanza kuingia ndani. Saumu alisema kwa upole, "Lakini kaka, Stumai hatasikia." Gilbert akamjibu kwa upole uleule, "Na Mbaruku huenda asisikie." Kisha wakamgeukia Mwajabu. "Mama yako atasikia," alisema Saumu. "Lakini akishasikia, atakujua wewe ni nani?"

Mwajabu alilitaka jina lile liitwe, alilitaka mpaka akaona haya mbele ya wenzake, ambao mmoja alimzika mtoto na mwingine hajui azike au angoje.

Siku ya kurekodi ikafika. Chumba kilizungushiwa magodoro ukutani ili kelele za nje zisiingie. Bi Hidaya alisimama mbele ya maikrofoni. Kwenye kioo cha kompyuta watoto wa Mwajabu wakakimbia, gitaa la Gilbert likakimbia nao, kisha likatulia, likanyamaza. Mtoto mmoja alikuwa bado nyuma ya pipa. Bi Hidaya akavuta pumzi, akawageukia.

"Haya, wanangu. Namwita nani?"

Nje magharibi ilikuwa inaingia, na Mwajabu alijua kuwa saa hiyo mama yake ameshasimama mlangoni.

Mimi hapa ndipo njia yangu inapoishia, na kile kimya cha Gilbert nawaachia nyinyi. Aitwe Stumai, ambaye watoto wa nchi nzima watamwitikia kwa sababu yeye hawezi? Aitwe Mbaruku, ambaye pengine yupo mgahawani na pengine hayupo? Au aitwe Mashavu, aliye nyumbani kila jioni na bado anangojwa? Je, wewe ungeamua vipi?

Usininong'oneze sikioni. Simama mlangoni, uite.