Kichwa cha Nguru na Mtoto Asiye na Jina

Hapo zamani palikuwa na kijiji cha pwani, na katika kijiji hicho Ijumaa ilikuwa siku ya bahari kupumzika. Wanaume walivuta vyombo vyao juu, wakaoga, wakaenda msikitini. Hakuna aliyetia ndoana majini. Ndivyo walivyowakuta wazee wao wakifanya, nao wakafanya vivyo hivyo.

Basi katika kijiji hicho mwanamke mmoja, jina lake Raya, alijifungua mtoto wa kike siku ya Jumanne. Mumewe alikuwa ng'ambo kwenye uchumaji wa karafuu. Jumatano maziwa hayakutoka. Alhamisi maziwa hayakutoka. Ijumaa asubuhi mtoto hakulia tena. Alifungua kinywa tu kama kifaranga, sauti haitoki.

Mkunga wake, Bi Kazija, alimkanda Raya kifua kwa maji ya moto mpaka mikono ikamchoka. Kisha akasema, "Wewe unataka mchuzi wa kichwa cha nguru. Nguru wa leo. Si wa jana, si mkavu. Atoke majini aingie chunguni."

"Leo Ijumaa, Bi Kazija," akasema Raya.

"Sikukuuliza siku, mwanangu. Nimekwambia dawa."

Mlangoni alikuwa amekaa shoga yake Raya, jina lake Mize. Mize alikuwa msukaji wa mikeka, na hapakuwa na mkono pale kijijini uliosuka ukili, ule utepe wa majani wa mkeka, mwembamba kama wake. Alikuwa mtu wa maneno machache. Ndoa yake ilikuwa na miaka kumi na miwili, na hakujaaliwa mtoto. Alimtazama yule mchanga akifungua kinywa na kufumba, kufungua na kufumba. Akainuka bila kuaga.

Akaenda moja kwa moja kwa rafiki yake Nunu. Nunu alikuwa binti wa mvuvi. Baba yake alipofariki alimwachia ngalawa moja, mishipi, na mdomo usiojua kunyamaza.

"Nunu, twende baharini tukavue nguru."

Nunu akamtazama kama mtu aliyesikia mbuzi akitoa salamu. "Wewe? Wewe ukivuka dimbwi unashika ukuta."

"Twende."

"Leo Ijumaa, Mize."

"Ijumaa ni ya wanaokwenda msikitini. Mimi na wewe tunakwenda?"

Nunu akacheka mpaka akafuta macho. "Haya, na huyo nguru ni wa nani?"

"Wa mtoto wa Raya."

Nunu akaacha kucheka. "Raya huyu aliyeazima sufuria yangu nzima akairudisha ina tundu, akaapa kuwa aliichukua hivyo hivyo? Miaka miwili hatupeani salamu."

"Huyo huyo."

"Basi kwa ajili ya Raya siendi. Ninakwenda kwa ajili yako wewe, kwa sababu tangu tuzaliwe hujaniomba hata chumvi."

Lakini mtoto angekula nini mpaka samaki apatikane? Mize akapita kwa jirani, jina lake Chumu, aliyekuwa na mtoto wa kiume wa miezi minane anayenyonya. Akamwomba amnyonyeshe mtoto wa Raya kwa siku ile moja.

Chumu akainama, akapapasa kichwa cha mwanawe. Nanyi mjue kwa nini. Tangu Raya alipokuwa na mimba, wanaume wa nyumba mbili hizi walikuwa wamepeana mkono: akizaliwa wa kike, ni mchumba wa mtoto wa Chumu. Na kila mtu kijijini alijua kwamba mtoto akinyonya kwa mwanamke mara tano za kushiba, amekuwa mwanawe, na watoto wake ni ndugu zake. Ndugu hawaoani.

"Nitampa mara nne," akasema Chumu. "Mara nne ni msaada. Mara tano ni umama. Rudini kabla ya ya tano, Mize. Nakuomba sana."

"Tutarudi kabla ya alasiri," akasema Mize, naye hakuwa amewahi kupanda ngalawa maishani mwake.

Wakashua ngalawa. Nunu akapiga kafi, Mize akakaa mbele ameng'ang'ania ubao kwa mikono miwili. Walipovuka mwamba, maji yakawa meusi, na Mize akatapika uji wote wa asubuhi.

"Vizuri," akasema Nunu. "Samaki wamekaribishwa. Sasa sikiliza. Mshipi huu tunaukokota nyuma ya chombo. Nguru akishika, unampa mshipi, unavuta, unampa, unavuta. Lakini usiuzungushe mkononi. Hata mara moja. Nimekwambia?"

"Umeniambia."

"Nimekwambiaje?"

"Nisiuzungushe mkononi."

Wakatia chambo cha kwanza, kipande cha samaki kibua. Kikaliwa, ndoana ikarudi tupu. Wakatia cha pili, kikaliwa na samaki chuchunge, mwembamba kama ufagio. Wakatia cha tatu, cha nne, cha tano. Jua likapanda mpaka juu ya utosi, na kikapu cha chambo kikawa na harufu tu.

"Tumelisha bahari nzima isipokuwa nguru," akasema Nunu. "Turudi."

Mize alishika upindo mweupe wa kanga yake, akaung'ata, akachana utepe mwembamba, akauvika kwenye ndoana. Aliuvika vizuri, kama anayemalizia ukingo wa mkeka.

"Nguru gani anakula kanga?" akauliza Nunu. Lakini akautupa.

Hawakwenda mbali. Mshipi ukanyooka, ngalawa ikatetemeka. Nunu akaudaka, akampa, akavuta, akampa, akavuta. Samaki akageuka, akakimbilia kwenye mwamba ambako mawimbi yalikuwa yakipasuka, na ngalawa ikamfuata ubavu mbele. Wangefika pale wangevunjika.

"Shika mshipi," akasema Nunu. "Mimi nashika kafi. Shika!"

Mize akaushika. Na mkono wake ukafanya jambo ambalo ulikuwa ukilifanya tangu akiwa na miaka sita. Msukaji akiwa na ukili mkononi, anauzungusha mara mbili kiganjani ili usilegee. Mkono ukazungusha mara mbili. Hakuuagiza.

Nguru akavuta. Mshipi ukazama kwenye nyama.

"Kata, Nunu," akasema Mize. "Kata mshipi."

Kisu kilikuwa kiunoni mwa Nunu. Mize alimwona akikitazama kisu. Alimwona akimtazama samaki. Kisha alimwona akiinama na kupiga kafi, kumfuata nguru, huku akisema, "Vumilia, namfuata, utalegea, vumilia." Alimfuata hivyo kwa muda mrefu. Mshipi ukilegea kidogo, ukikaza tena. Wimbi likawapeleka kwenye jiwe na gogo la ubavuni, lile linalozuia ngalawa isipinduke, likavunjika katikati. Nunu hakugeuka kulitazama. Nguru alipochoka akaja juu amelala upande, naye Nunu akampiga rungu la kichwa mara moja, akamtia ndani. Alikuwa mrefu kama kitanda cha mtoto.

Ndipo Nunu alipoufungua mkono wa mwenzake, akaufunga kwa kilemba chake.

"Mbona hukukata?" akauliza Mize.

"Mbona ulizungusha?" akauliza Nunu.

Mize akautazama mkono wake.

Ngalawa ya upande mmoja haiendi. Walirudi polepole, Nunu akipiga kafi na Mize ameegemea upande uliobaki ili kuusawazisha. Alasiri iliwapita wakiwa bado majini. Walipofika uani kwa Raya walimkuta Chumu amekaa kwenye kibao, mtoto amelala mapajani mwake, kinywa kina maziwa.

"Mmechelewa," akasema Chumu.

"Ya ngapi hiyo?" akauliza Mize.

Chumu akaonyesha vidole vya mkono wake, vyote.

Kichwa cha nguru kikaingia chunguni, na pilipili manga, na ndimu. Raya akanywa bakuli la kwanza, akanywa la pili. Kabla jua halijazama maziwa yakatoka, yakalowesha kanga yake. Bi Kazija akapiga kigelegele kimoja kifupi, akaenda kulala.

Basi kijijini humo mtoto alipewa jina siku ya saba, siku ya kunyolewa nywele. Na mtoto aliyekaribia kufa hakupewa jina la bibi yake. Alipewa jina la mtu aliyemrudisha. Mtu huyo akawa somo yake, wakashirikiana jina maisha yote. Mwenye somo hafi moja kwa moja. Hata akiwa kaburini, jina lake litaitwa uani: njoo ule, kachote maji, umefanya nini tena. Mize alilijua hilo. Alilijua kuliko wote, na alilitaka mpaka akaona haya.

Siku ya saba wakakusanyika. Ubani ukachomwa. Raya akasema, "Nina mtoto mmoja na jina moja. Nami sijui. Semeni nyinyi."

Nunu akatangulia, kama kawaida yake. "Mimi nilikuja na ngalawa ya marehemu baba, na sasa ni kuni. Wanaume wamenisema msikiti mzima kwa kuivunja Ijumaa. Na niliyemvulia hatusemezani naye, na sufuria yangu sijaisahau. Mtu kumfanyia wema rafiki yake si ajabu. Mimi nimemfanyia asiye rafiki. Bila mimi nguru yule angekuwa bado anaogelea."

"Na bila kanga yake je?" akauliza Bi Kazija, akimwelekea Mize.

"Kanga haijui kupiga kafi," akajibu Nunu.

Chumu akasema polepole. "Samaki ni chakula cha mama. Mtoto hakula samaki. Mtoto alikula kwangu. Mwanangu alilia njaa siku ile, nikamwacha alie. Na mtoto huyu alipotaka mara ya tano ningeweza kumrudisha kwa mama yake na kusema basi. Sikuweza. Sasa mwanangu amepoteza mchumba, nami nimepata binti ambaye siruhusiwi kumpa jina langu?"

Watu wakamgeukia Mize. Mize akautazama mkono wake. Vidole vitatu havikukunja tena, na tangu Ijumaa hakuwa amesuka hata shubiri moja.

"Mimi nilikosea," akasema. "Nilikatazwa nisizungushe, nikazungusha. Nisingezungusha, samaki angekwenda. Nilizungusha, tukachelewa, na Chumu akafika ya tano. Sijui kama nililofanya ni jema au ni kosa. Ningejua vidole vitakufa, sijui kama ningezungusha." Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Lakini safari ile niliitaka mimi."

"Uliniambia nikate," akasema Nunu.

"Nilikwambia."

"Kwa hiyo ulimwacha samaki. Mimi sikumwacha."

"Ulimshika kwa mkono wangu, Nunu."

Hapo Nunu, mwenye mdomo usiojua kunyamaza, akanyamaza.

Ingekuwa hivyo tu, labda wazee wangeamua. Lakini Raya alikuwa ameinama muda wote, na sasa akainua uso. "Kuna jambo sijalisema. Chumu alipompa mwanangu mara ya tano, nilikuwa namtazama. Nikaona wivu. Kifua kikaanza kuniuma na kuwasha, kama kunaingia siafu. Wakati huo ngalawa ilikuwa haijafika. Labda maziwa yalikuwa tayari njiani. Labda samaki hakufanya kitu."

Nunu akamtazama Chumu. Chumu akamtazama Raya. Mize akautazama mkono wake, na safari hii akaugeuza juu chini, kama mtu aliyeokota kitu asichojua ni cha nani.

"Dawa yangu haijawahi kushindwa," akasema Bi Kazija kwa hasira, lakini hakuna aliyemsikiliza.

Raya akatandika mkeka katikati ya ua. Ulikuwa mkeka wa Mize, wa mwisho aliousuka akiwa na vidole kumi. Akamlaza mtoto juu yake, kichwa kimenyolewa kinang'aa mafuta. Mtoto akaamka, akaanza kulia. Alilia kwa nguvu, sauti imejaa, na Nunu, Chumu na Mize wakanyoosha mikono kwa pamoja, kisha wote watatu wakaizuia.

Mtoto analia, ubani unaungua, na jina halijatajwa. Nanyi mliokaa hapa msinitazame mimi, kwani mimi hadithi nimeikuta hivi hivi. Yuko aliyempiga nguru rungu, yuko aliyetoa ziwa mara ya tano, yuko aliyekosea akatoa vidole. Je, yupi alistahili? Mtoto huyu aitwe nani?