Kwa Nini Mkangaja Hauna Msimu

Wakati mikangaja, miti ya machenza madogo makali, ilipokuwa bado miti ya msituni, mirefu kupita minazi, ilizaa mara moja tu kwa mwaka. Masika yakiisha matunda yaliiva kwa pamoja, nyani wakala na kutupa maganda, kisha miti ikalala hadi mwaka mwingine. Hakuna mtu aliyeifikiria kuwa miti ya nyumbani.

Katika mji wetu aliishi Bi Somoe, mjane, pamoja na mwanawe wa pekee na mke wa mwanawe, Time. Kaskazi moja, jua likiwa kali, Time alishika mimba, na mimba ile ikamkatalia chakula. Alitapika wali, akatapika uji, mwisho hata maji. Siku moja Bi Somoe alipofungua kasha la viungo, Time alisikia harufu ya ganda kavu la kangaja, akaomba alinuse, na alipolinusa akaweza kula vijiko vitatu vya wali. Baada ya siku mbili ganda likaisha harufu. Time akawa hatembei ila kwa kushika ukuta, na wanawake wakaanza kusema chini kwa chini kwamba hatafika mwezi wa tano wa mimba.

Bi Somoe akaenda msituni, akasimama chini ya mkangaja mkubwa, akaeleza shida yake kama anavyomweleza jirani. Mti ukamjibu kwamba msimu uko mbali.

“Ninawazalia nyani,” ukasema, “na nyani hawajawahi kuniambia kuwa wana njaa. Mchukue mwanangu. Akilelewa vizuri, atajifunza kwenu jambo nisilolijua mimi.”

Kando ya shina ulikuwapo mche uliofika kiunoni, nao ulibeba matunda saba mabichi, madogo kama ushanga. Bi Somoe akaung'oa pamoja na mizizi yake, akarudi nao nyumbani.

Ua wa Bi Somoe ulisakafiwa kwa mawe, hauna udongo. Zilikuwapo nyungu zenye nyufa jikoni, lakini kwetu mgeni hawekewi chombo kibovu. Akatoa chungu alichopewa na mama yake siku ya harusi, kizima kabisa, akaupanda mche humo. Akaumwagilia asubuhi, adhuhuri na jioni, kama mgeni anavyohimizwa kuongeza sahani. Majirani waliokuja kumjulia hali Time walimtania.

“Shoga, wiki ya tatu hii unapika majani hayo. Hayaivi tu?”

Majani yalikuwa yakigeuka manjano. Matunda yakaanguka moja baada ya jingine mpaka yakabaki mawili, na Time hakuinuka tena kitandani.

Ndipo akaja Bi Mishi, mfinyanzi. Alipotoka kumwona mgonjwa alipiga chungu kwa kidole, akasikiliza.

“Umemkaribisha mgeni, kisha ukamfungia mlango,” akasema. “Maji yanaingia, hayatoki. Kitoboe chini.”

Bi Somoe akasema ataleta chungu kibovu kutoka jikoni. Bi Mishi akamwambia mizizi ile haitavumilia kuhamishwa tena. Bi Somoe akapitisha kiganja ukingoni mwa chungu. Mama yake alikuwa amekwisha kufa, na hakuwa na kitu chake kingine. Kisha akaleta msumari na jiwe, wakakilaza chungu ubavu, akakitoboa kwa mkono wake mwenyewe. Maji meusi, yenye kunuka, yakatiririka hadi alasiri.

Siku ya nne likachipua jani jipya. Tunda la kwanza lilipoiva, Bi Somoe alilikamulia kwenye uji. Time akanywa, na uji ukatulia tumboni. Siku ya pili akanywa tena, akaomba samaki. Likaiva la mwisho, likakamuliwa, mti ukabaki mtupu na mimba ingali changa. Bi Somoe akaketi mbele ya chungu. Mti ndio ulioanza kuzungumza.

“Umetoboa chungu cha mama yako kwa ajili yangu,” ukasema. “Basi nami nimeutoboa mwaka. Sitangoja msimu tena. Ila usinitazamie kurefuka, maana chungu hiki ndicho kimo changu.”

Kulipokucha maua meupe yalikuwa wazi, na baada ya siku chache kangaja mbichi na mbivu zikakaa tawi moja. Time alikula hadi mwezi wake, akazaa binti mwenye sauti kubwa.

Na tangu siku hiyo mkangaja wa nyumbani ni mfupi, hukaa katika chungu kilichotobolewa, na huchanua na kuiva mwezi wowote. Ndiyo maana kwetu, asubuhi mke wa mwana akionekana uani akichuma kangaja, hakuna anayemuuliza neno. Mama mkwe huingia jikoni, akateleka uji.