Jua la Baraza Halichwi

Palikuwa na Sultani, Mwinyi Dahalani wa Kitangani, aliyelitaka jua limsubiri. Wala hakuwa mwendawazimu. Ilikuwa habari ya posho.

Babu yake alimwachia sheria fupi: Baraza la wajumbe arobaini likae siku sitini kwa mwaka, kila mjumbe alipwe posho ya kila siku aliyokaa, na jua la siku ya sitini likichwa, kila mtu arudi kwake akalime. Mzee wa watu aliwajua binadamu. Wajukuu ndio hakuwajua.

Mwaka huo siku ya sitini ikaangukia Ramadhani tatu. Alasiri ile wajumbe walitazamana kama watu waliofiwa. Ndipo mkuu wao, Badi bin Ngwali, akaamuru dirisha la magharibi litundikwe pazia zito.

"Baraza halikuona jua likichwa," akatangaza. "Basi halijachwa. Kikao kinaendelea."

Sultani, ambaye kila posho ilimegwa na kijisehemu chake kikamfuata nyumbani, akagonga muhuri.

Kikao kikaendelea karibu mwezi mzima. Wakijadili nini? Usiniulize mimi. Asubuhi walitia kidole gumba kwenye daftari la mahudhurio. Adhuhuri walilala. Magharibi walifuturu, wakafuturu vizuri, tena kwa gharama ya mji. Kesho yake kidole gumba tena, posho mpya.

Katika muda wote huo walitunga sheria moja tu. Ramadhani ishirini na sita waliamuru jiko la Siwatu binti Mshangama livunjwe ndani ya siku tatu, maana moshi wake unapenya chini ya pazia na kuwakohoza Waheshimiwa usingizini.

Siwatu alikuwa msichana wa kukaanga vitumbua ubavuni mwa nyumba ya Baraza. Jiko lile lilikuwa baba na mama wa wadogo zake wawili tangu wazazi watangulie mbele ya haki. Alisomewa amri mkononi ana kijiti cha kugeuzia. Akasikiliza mpaka mwisho, akageuza kitumbua. Hakuvunja hata ufito.

Alasiri ya Ramadhani thelathini, kesho yake Idi, askari wakamchukua mzobemzobe hadi mbele ya Sultani. Ndani giza la pazia, taa zinawaka mchana. Wajumbe wote arobaini wamekaa, midomo mikavu, pua zimeelekea jikoni ambako futari ilikuwa inanukia. Siwatu aliingizwa na hofu yake. Lakini alipoliona lile pazia kwa macho yake, hasira ikaipiga hofu teke, ikakaa yenyewe.

"Wewe binti," akaanza Sultani, "ulipewa siku tatu."

"Nilipewa, Mtukufu."

"Na jiko?"

"Lina moto mpaka sasa."

"Unanidharau?"

"Hasha! Nasubiri hizo siku tatu zianze."

Badi akainuka, kitambi kikitangulia. "Zimekwisha tangu jana, mwanamke wewe! Huna hesabu?"

"Hesabu ninayo, Mzee Badi. Siku ya pili huja baada ya jua la siku ya kwanza kuchwa. Humu ndani limekuchwa lini?"

Mjumbe mmoja wa nyuma akacheka, akajifanya anakohoa.

"Jua la ndani ni la Baraza," akasema Badi. "Nyinyi raia mnahesabu kwa jua la nje."

"Ahaa. Na posho zenu je? Mmezihesabu kwa jua lipi?"

"Posho... posho ni mambo ya utawala. Hizo ni kwa jua la nje."

"Na futari?"

"Tusile? La nje!"

"Kumbe!" Siwatu akapiga kofi. "Tumbo liko nje, mfuko uko nje. Sheria peke yake, maskini, ndiyo mmeifungia ndani!"

"Kimya!" Sultani akapiga mkono wa kiti. "Unataka kusema nini? Sema, nikuhukumu."

"Sina la kusema, Mtukufu, ni kuchagua tu. Kama jua lilikuchwa Ramadhani tatu, basi amri ya kuvunja jiko langu imetungwa na wakulima arobaini waliotoroka mashamba. Si amri, ni soga. Na posho za siku ishirini na saba zirudi hazina, pamoja na vile vijisehemu vilivyozifuata... sijui wapi. Au halijachwa?"

Sultani akawatazama wajumbe. Wajumbe wakamtazama yeye. Hakuna aliyekuwa na haja ya kupiga kura.

"Halijachwa!" akanguruma Sultani.

"Halijachwa!" wakaitikia arobaini, ukuta ukatetemeka. "Halijachwa wala halikaribii!"

"Naandika na kugonga muhuri," Sultani akasema, na kweli akaandika, akagonga. "Kwa wote wa Baraza, mimi nikiwa wa kwanza, leo ni Ramadhani tatu, mchana. Si posho, si futari, hakuna cha jua la nje tena, usipate pa kutuchezea. Atakayesema vinginevyo atalala gerezani. Umeridhika?"

Siwatu akainama mpaka ushungi ukagusa sakafu.

"Nimeridhika, Mtukufu, na nimetii. Sisi wa nje kesho tunasali Idi, tunakula pilau. Nyinyi Waheshimiwa zimewabakia ishirini na saba za kufunga, bila ya leo, ambayo haichwi. Sasa niamrishe mwenyewe: hili jiko nilivunje, au niliache liwasubiri mpaka mtakapofuturu?"