Plagi Imeingia, Umeme Haupiti

Ndugu zangu, kabla swala haijakimiwa nipeni dakika chache niwape mfano. Nimeutunga mwenyewe juzi, baada ya fundi mmoja kunieleza habari za magari ya umeme. Mimi naendesha pikipiki, kwa hiyo nikikosea utaalamu, lawama zimwendee yeye.

Alikuwapo bwana mmoja wa Dar es Salaam, mwenye gari la umeme. Bwana huyu alikuwa na kaka yake mkubwa Dodoma, baba mmoja mama mmoja, na ulikuwa mwaka wa nne hawasemeshani. Sababu? Posa. Binti wa kaka aliposwa, na yeye, baba yake mdogo, akaja kupata habari kwa watu wa pembeni, mahari imeshapokelewa. Akakasirika, akasema maneno makali mbele ya wageni. Tangu hapo, kimya. Mama yao alipofariki walibeba jeneza pamoja, mmoja kulia mmoja kushoto. Wakazika, wakapangusa udongo mikononi, kila mtu akaenda zake. Hata pole hawakupeana.

Sasa siku moja alfajiri dada yao akampigia kutoka hospitali. Akamwambia, "Kaka anapasuliwa moyo leo saa tisa mchana. Daktari anasema tumuombee tu, hajatupa matumaini makubwa."

Bwana yule roho ikamruka. Akasema, lazima nifike kabla hajaingizwa, nimwombe radhi. Chai hakunywa. Saa kumi na mbili asubuhi yuko barabarani.

Shida ya magari haya ni chaji. Mashine za kuchaji haraka za kampuni ya gari lake zilikuwa mjini tu. Huko njiani, tuseme pale Gairo, kulikuwa na mashine za kampuni nyingine, na plagi zake zina umbo lingine. Lakini alikuwa amejiandaa. Alishanunua adapta, kile kiunganishi ambacho upande mmoja kinaingia kwenye gari lako, upande wa pili kinapokea plagi ya wengine. Alikinunua mtandaoni, bei nafuu, na hakuwahi kukijaribu.

Basi njia nzima macho yapo kwenye namba ya chaji. Asilimia ishirini. Kumi na tatu. Tisa. Akazima kiyoyozi, akafunga na redio, jasho linamtiririka, kila kilima anakiona adui. Alifika Gairo saa sita na nusu, zimebaki asilimia nne. Akichaji nusu saa atawahi, ila kwa tabu.

Akachomeka adapta. Ikaingia vizuri kabisa, haichezi. Mashine ikaandika: tafadhali subiri. Akasubiri. Ikazima. Akachomoa, akaifuta kwa shati, akachomeka tena. Subiri. Ikazima. Dakika arobaini, ndugu zangu, mtu mzima anachomeka na kuchomoa. Mwisho mama aliyekuwa akisimamia kituo akaacha hesabu zake akaja.

"Pole kaka. Hiyo haitachaji."

"Kwa nini, dada? Si imeingia?"

"Imeingia. Lakini gari na mashine hazijasalimiana. Kabla umeme haujapita, lazima ziulizane kwanza: wewe nani, unahimili kiasi gani, uko salama? Adapta yako inashika plagi tu, salamu haipitishi. Kila mmoja anamngoja mwenzake aanze. Muda unaisha, zinazima."

Bwana yule akakaa chini pale pale kwenye saruji. "Dada yangu, mimi nimekwisha. Kaka yangu anaingizwa kwenye upasuaji saa tisa, na nina neno la kumwambia."

"Hana simu?"

"Anayo."

"Haipatikani?"

"Sijui. Sijampigia. Mkubwa haombwi radhi kwa simu, dada. Unamwendea, unakaa chini, unamshika mkono. Ndiyo adabu."

Yule mama akamtazama. "Na ukichelewa, hiyo adabu utampelekea nani?"

Mnasikia swali hilo? Kwa zaidi ya saa sita simu ilikuwa mbele ya uso wake, imebanwa pale kwenye dashibodi, inamwonyesha njia ya kwenda kwa kaka yake. Ile ile simu.

Akaichukua, akapiga. Ikaita mara moja, ikapokelewa. Lakini sauti ilikuwa ya dada yao.

"Wamemwingiza," akasema. "Mgonjwa aliyepangwa kabla yake ameahirishwa, wakamchukua yeye. Hata robo saa haijapita. Simu kanikabidhi mlangoni."

"Alisema kitu?"

"Hakusema. Tangu asubuhi alikuwa nayo mkononi. Anafungua jina lako, anaangalia, anafunga. Nikamwambia, mpigie basi. Akasema, mimi ndiye mkubwa, aanze yeye."

Bwana yule alilia kwa sauti, mbele ya watu, bila kujali.

Sasa sisi. Sisi tunajua kusogeleana, hapo hatuna mpinzani. Ikikimiwa swala tutasimama bega kwa bega, mguu kwa mguu, hata karatasi haipiti katikati. Na humu humu wamo ndugu ambao mabega yanagusana na salamu haijapita mwaka wa pili. Mwisho wa swala tutatoa salamu kulia, tutatoa salamu kushoto, na ukitoka nje ukimwona mwenzio unazunguka upande wa pili kufuata viatu. Hiyo salamu ulimpa nani? Ukiulizwa unasema, nangoja Idi. Nangoja tukutane msibani. Nangoja yeye aanze, yeye ndiye aliyenikosea. Mafundisho ya kutonuniana zaidi ya siku tatu mnayajua wote, sina haja ya kuyasoma, na mnajua pia kwamba bora kati ya wawili ni yule anayeanza salamu.

Najua mnataka kuniuliza, kaka alitoka salama? Mfano ni wangu, ningeweza kumtoa mzima sasa hivi, mkaenda kula pilau yenu kwa raha. Sitaki. Naogopa mtatulia.

Kwa sababu wa kwako bado hajaingizwa popote. Ukimpigia leo, atapokea mwenyewe. Wiki ijayo, wallahi, sijui atapokea nani.