Kunde za Bi Sikudhani

Paukwa!
Pakawa!
Mmetimia?
Tumetimia!
Jikoni kabaki mtu?
Hakuna!

Basi sikilizeni. Hapo zamani za kale, kabla msumeno haujafika kijijini, palikuwa na bibi mmoja, Bi Sikudhani, aliyejua kuangusha miti kuliko wanaume wote. Kupanda alishaacha, magoti yaligoma. Lakini hapakukatwa mti mkubwa bila yeye kuwepo chini, yeye na kelele zake.

Siku hiyo alikuwa anachambua kunde, ungo mapajani. Mara huyo Kibwana, mbio, shoka begani.

"Shikamoo, bibi! Mvule umepasuka kwa upepo! Umeinamia nyumba yangu, na mke wangu yumo ndani na kichanga cha siku tatu. Naukata shinani, ulale mara moja!"

"Marahaba. Ulale wapi?"

Kibwana akageuka, akatazama upande wa nyumba yake.

"Tutaanzia kichwani," akasema bibi, akanyanyuka na ungo wake, kunde humo humo.

Wakafika. Bi Tatu, mama yake Kibwana, kaziba njia. "Mzazi havuki mlango kabla ya siku saba. Mila ni mila."

"Mila isivunjwe," akasema Bi Sikudhani. "Kibwana, ng'oa mlango."

Mlango ukang'olewa. Mzazi na mwanawe wakalazwa juu yake, wakafunikwa kanga, wakabebwa hadi kwa jirani.

"Hajauvuka," akasema bibi. "Kaupanda."

Bi Tatu akajifunga kibwebwe, akaja kazini.

Kibwana akapanda mti. Chini watu kumi na mmoja wakashika kamba, Bi Tatu akiwemo. Kamba ikafungwa tawini, ikazungushwa mara tatu kwenye kisiki kilichokuwa karibu, tawi lishuke kwa adabu. Bi Sikudhani akampa kila mtu kunde moja. "Kabla ya kila tawi, mtu alete kunde yake ungoni. Zikitimia, ndipo tunakata."

"Anatuhesabu kama vifaranga," akanong'ona Mbaruku jirani.

Kunde ungoni! Kumi na moja. Kata! Ko, ko, ko. Kraaa… polepole… puu!

Kila mtu akachukua kunde yake tena. Kunde ungoni! Kumi. Mbaruku anatafuna.

"Nilidhani kifungua kinywa."

Wakacheka, akapewa nyingine. Ko, ko, ko. Kraaa… polepole… puu! Tawi baada ya tawi, hadi likabaki moja, nene, lililolalia paa.

Kunde ungoni! Kumi.

"Mbaruku!"

"Aa, safari hii si mimi!" Akapanua kinywa. Wakachungulia. Hamna kitu, ila meno, nayo machache.

"Bibi!" Kibwana akaita kutoka juu. "Mkono umechoka na tawi linalia! Nikate?"

"Usikate! Mama yako yuko wapi?"

Kibwana akatazama chini. Kamba anaiona, watu anawaona, mama hamwoni. Ndipo sauti yake ikatoka jikoni, ndani ya nyumba:

"Nani kaficha mwiko wangu?"

Wakamtoa kwa kumvuta, mwiko mkononi, mdomo haufungi. "Kelele zote hizi kwa kunde moja?" Akaitupa ungoni.

Kumi na moja. Kata!

Ko, ko. Kraaa… pwa! Kamba ikakatika. Tawi likatoboa paa, likatua jikoni, pale pale alipokuwa amesimama Bi Tatu.

Kibwana akaukumbatia mti kwa muda mrefu kabla ya kushuka.

"Chungu kimepona?" akauliza Bi Tatu, taratibu.

"Hakikupona, mama."

"Mwiko ninao."

Tangu siku hiyo wakata miti wa kijiji kile hawaulizi kama shoka lina makali. Huuliza: "Kunde zimetimia?" Nanyi mkienda kwenye kazi ya hatari, mti na usubiri. Kwanza mjue nani hayupo.

Jioni, shina nalo likiwa limeshalazwa mbali na nyumba, zile kunde zikapikwa kwa Bi Sikudhani, Bi Tatu akapakua. Bibi akahesabu: washika kamba kumi na mmoja, Kibwana, mzazi na kichanga juu ya mlango wao, na yeye mwenyewe. Wote wapo.

"Mbona langu ni bakuli la mchuzi mtupu?" akauliza Mbaruku.

"Wewe," akasema Bi Tatu, "kunde yako uliila asubuhi."

Na hadithi yangu nimeishusha hapo, kwa kamba, polepole.