Uvimbe Ulioshiba Chai

Kulikuwa na mama mmoja, fundi cherehani, aliyewahi kukatwa uvimbe wa titi akapona. Mwaka uliofuata akaanza kukohoa, na hofu ikamrudia. Akapelekwa hospitali ya mjini kupigwa picha ya mwili mzima.

Picha hiyo ina dawa yake, ndugu zangu. Ni sukari iliyotiwa kitu cha kung'aa. Saratani ni mlafi wa sukari. Ikiimeza tu, inawaka kwenye picha, na daktari anaiona ilipojificha. Sharti ni kwamba mgonjwa aje na njaa.

Mama akafikia kwa wifi yake, na mawifi mnawajua. Asubuhi chai ya maziwa ikawa mezani, sukari imekolea, na maandazi pembeni. Mama akasema amekatazwa. Wifi akanuna, akauliza tangu lini mgeni akatoka kwake mdomo mkavu. Kwa kuogopa maneno, mama akanywa. Maandazi akayaacha, akajiambia chai si chakula. Nani hapa hajawahi kufunga kwa namna hiyo?

Hospitali wakamtoboa kidole, wakakuta sukari imepanda. Daktari akamwambia arudi kesho. Mama akaona hataweza kulala na hofu ile tena.

"Nichome hiyo sindano ya dawa tu, daktari. Nimechoka kungoja."

"Nikikuchoma sasa, uvimbe kama upo umeshashiba chai. Dawa yangu hautaigusa. Picha inaweza kutoka safi."

"Si ndicho nilichokifuata?"

Daktari akamtazama. "Picha itakuwa safi, mama. Wewe je?"

Mama akachukua mkoba wake, akaondoka. Kesho yake alirudi tumbo likinguruma. Picha ikawaka kwenye pafu, doa dogo kama punje ya mahindi. Alilia sana, na simlaumu. Lakini sasa daktari alijua pa kuanzia, na matibabu yakaanza wiki hiyohiyo.

Na sisi? Kila Jumapili tunamwomba Mungu atuchunguze mioyo, huku tumeshakunywa sifa njiani. Chuki zetu tumezilisha visingizio tangu alfajiri, zimeshiba. Neno linapita halishiki kitu, tunatoka tukisema ibada ilikuwa nzuri. Nzuri kwa nani? Tulikuja kutafuta uponyaji, au tulikuja kutafuta picha safi?

Nawaomba, Jumapili ijayo njooni na njaa. Wifi akinuna, anune.